Hali Isiguswe

Nchi yetu ni nzuri na ina amani. Jina lake ningelitaja, lakini kwa sasa limepelekwa kwenye mapitio na kamati haijarudi, kwa hiyo tunasema tu Nchi, na tunaelewana. Ina milima, ina migomba, ina ziwa la kutosha, na ina wasomi wengi kiasi kwamba ukirusha jiwe litamwangukia mmoja wao, naye ataunda kikosi kazi cha kulichunguza. Namshukuru Mungu kwa hayo yote. Natanguliza shukrani ili mtu asije akasema mjane wa Kishorero ameandika kwa uchungu.

Jambo lenyewe lilianza kwa Waziri wa Utawala wa Umma. Alikwenda kuzindua choo cha soko, akakuta mwenye ufunguo amekwenda kunywa chai. Waziri akasimama pale na msafara wake, mkasi wa kukatia utepe mkononi, na yeye mwenyewe, kwa bahati mbaya, amebanwa. Kwaya iliimba mpaka nyimbo zikaisha, ikarudia tena ya kwanza. Aliporudi mjini alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisimama bungeni akasema maneno ambayo baadaye yalichorwa kwenye kuta za shule zote:

"Waheshimiwa, taifa hili halina tatizo la milango. Lina tatizo la washika funguo! Ufunguo ni madaraka. Madaraka ni taaluma. Na taaluma, waheshimiwa, haianzii chini ya shahada ya uzamili!"

Wakapiga meza mpaka moja ikavunjika mguu. Sheria ikapita: kila ufunguo wa serikali, uwe wa ghala, wa posta, wa pampu ya maji au wa choo, ushikwe na mwenye shahada ya uzamili ya utawala wa umma na sera. Asiye nayo aende akaitafute. Mbunge wetu, mzee wa watu ambaye kwa kawaida husinzia, aliamka akauliza: akishakwenda kusoma, ufunguo anamwachia nani? Waziri akamjibu kwa upole kwamba hiyo ndiyo sababu elimu inahitajika, maana maswali ya namna hiyo hutoka kwa wasiosoma. Mzee akaomba radhi, akalala tena.

Mwanangu Projesti alikuwa mtunza zahanati yetu ya Kishorero. Alikuwa na stashahada. Asubuhi alifungua, akafagia, akahesabu dawa, Nesi Domitila akaingia akatibu watu, jioni Projesti akafunga. Sisi tuliona inatosha, ila sisi hatukuwa tumepitia maandiko ya kitaalamu.

Siku ya kuondoka, Jumuiya ya Mtakatifu Anna tulikusanyika kumwombea, na Padre akambariki yeye pamoja na ufunguo. Ufunguo ilibidi aondoke nao. Kumwachia Domitila kungekuwa kukabidhi madaraka kwa mtu mwenye cheti tu. Basi aliuvaa shingoni kwa uzi, ukagusana na medali ya Bikira Maria niliyomvisha siku ya kipaimara.

"Na mimi?" Domitila akauliza.

"Wewe utapumzika nyumbani, dada."

"Nipumzike nini? Mimi sijachoka."

"Ni sera."

Mkewe, Adventina, alikuwa amebeba begi lake kichwani. Alikuwa mwanamke wa kucheka, Adventina. Hata kanisani ilibidi nimfinye. Akasema, "Nenda, baba. Ila usije ukarudi ukawa unanisalimia kwa vipengele."

Zahanati ikafungwa. Kwa wagonjwa ilibaki hospitali ya misheni ng'ambo ya mlima. Waliofika huko walitibiwa. Wasiofika tuliwazika, na mazishi ya Kishorero ni mazuri, tunaimba kwa sauti nne.

Projesti aliporudi likizo alikuwa amevaa tai. Nilimwekea ndizi na maharage, akatazama sahani kwa huzuni akauliza kama wadau walishirikishwa katika kuchagua maharage. Adventina akaanguka kwa kicheko mpaka chumvi ikamwagika.

Kisha akatutangazia mada ya tasnifu yake. Alisimama kuitamka, kama mtu anayesoma somo la kwanza kanisani: "Vikwazo vya Ufunguzi wa Zahanati za Vijijini katika Muktadha wa Kutofunguliwa: Mfano wa Zahanati ya Kishorero."

"Yaani unasoma kwa nini zahanati haifunguliwi?" Adventina akauliza.

"Kwa lugha nyepesi, ndiyo."

"Si umeuvaa hapo shingoni?"

Projesti akaushika ufunguo, akamtazama mkewe kwa upole mkubwa. "Hiyo, mama, inaitwa dhana. Haijathibitishwa."

Lazima nieleze desturi moja ya Nchi yetu, kwa faida ya watu wa mbali. Kwetu, tatizo likishachukuliwa na mwanafunzi wa uzamili linakuwa lake, kama shamba lililopimwa likawekewa mawe ya mipaka. Wanakuja watu wa Chuo Kikuu cha Utawala, wanalizungushia utepe wa njano, wanasimika kibao: ENEO LA UTAFITI. HALI ISIGUSWE. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kulitatua mpaka mwenyewe atetee tasnifu, maana likitatuliwa katikati data zinachafuka, na mtu anakuwa amemwibia mwenzake shahada. Kata ya jirani fundi mmoja aliziba shimo la daraja ili watoto wavuke kwenda shule. Kumbe lilikuwa daraja la uzamivu. Msomi wake alikuja, akaona mbao mpya, akakaa kando ya mto akalia kama amefiwa. Mbao zikang'olewa, shimo likarudishwa kwa vipimo vyake vya awali. Yule fundi mpaka leo yuko ndani.

Kwa hiyo utepe wa njano ukazungushwa zahanati yetu, na mgambo aitwaye Sospeter akawekwa kuulinda. Projesti akaanza kukusanya data. Alipita nyumba kwa nyumba na dodoso, na kwa kuwa alikuwa mwadilifu hakuruka nyumba yake. Nilikuwa jikoni nikisikia.

"Je, katika kipindi husika umewahi kukosa huduma? Jibu ni ndiyo, hapana, au sina hakika."

"Huduma ipi?" Adventina akauliza. "Maana mume wangu alikuwa chuoni."

"Andika ndiyo," nikapaza sauti kutoka jikoni.

Baada ya miezi kadhaa, kisimani, wanawake walianza kumtazama Adventina tumbo. "Mama Projesti," wakaniambia, "mwanao amekusanya data mpaka nyingine zimeshika mimba!" Adventina akacheka kuliko wote. "Hii ni sampuli," akasema, "itatoka wakati wa kuvuna kahawa."

Mimi sikucheka. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imemtoa damu nyingi. Mtoto hatukumpata, na mama yake alipona kwa vidonge vya kuzuia damu ambavyo Domitila alivitoa kabatini, kwenye zahanati ileile. Sasa Domitila alimpapasa tumbo akaniita pembeni.

"Mama, huyu hauwezi ule mlima wa kwenda misheni. Na safari hii damu inaweza kurudi vilevile. Vidonge vimo mle ndani, nilivipanga mwenyewe, rafu ya juu. Mwambie mwanao afungue mlango siku moja tu. Siku moja, kisha afunge aendelee kusoma."

Projesti alikuwa amerudi chuoni. Nikaufuata mlango huo mjini.

Chuo Kikuu cha Utawala kimejengwa juu ya kilima ili wananchi wakione. Nilipofika vyoo vilikuwa vimefungwa, wenye funguo walikuwa darasani. Mlinzi akanipeleka kwenye ukumbi ambako Profesa Rugambage alikuwa akifundisha. Profesa huyu ndiye bingwa wa Nchi katika somo la Utekelezaji wa Sera, na kwa muda wote wa ubingwa wake hajawahi kutekeleza jambo lolote, asije akaonekana ameegemea upande. Ukumbi ulijaa watu wazima: washika funguo wa maghala, wa posta, wa pampu, wote na funguo zao shingoni. Walipoinama kuandika, zililia kama kengele za mbuzi.

"Sera ina mzunguko," Profesa alikuwa akisema. "Tatizo, ajenda, uamuzi, utekelezaji, tathmini, kisha tunarudi kwenye tatizo. Jambo la msingi ni nini?"

"Kurudi kwenye tatizo!" wakajibu.

Alipomaliza nikamfuata, Projesti akiwa nyuma yangu ameinamisha kichwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Profesa."

"Tunashukuru kwa mchango wako, mama yangu. Karibu."

Nikamweleza yote: mkwe, damu, vidonge vilivyo rafu ya juu. Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Alivua miwani, macho yakamlengalenga. Akasema yeye mwenyewe alizaliwa zahanati ya kijijini.

"Ilikuwa wazi?" nikamuuliza.

"Enzi hizo, mama, hapakuwa na mfumo." Akafuta miwani. "Sasa tazama. Mama mmoja anayejifungua ni tukio. Tukio si sera. Tukifungua mlango kwa ajili ya tukio, tasnifu ya huyu kijana inakufa, na bila tasnifu hakuna shahada, na bila shahada huo mlango kisheria hautafunguka tena milele. Unaona tunavyoutetea mlango?"

"Naona unavyoufunga."

"Lakini ipo njia," akasema, na moyo wangu ukaruka. "Kamati ya Maadili inaweza kutoa idhini ya kugusa hali. Waombaji ni wengi, lakini mimi nitamwombea binafsi. Na zaidi ya hapo, Projesti, ongeza aya moja kuhusu uzazi. Itaipa kazi yako sura ya kibinadamu."

Projesti akaandika. Nje nikamwambia, "Mwanangu, nipe huo ufunguo mimi. Sema nimeuiba."

Akaufunika kwa kiganja. "Mama, Kamati itatoa idhini. Hawa si watu wabaya."

Hapo alisema kweli. Sikukutana na mtu mbaya hata mmoja kwenye kilima kile. Nimeliombea rozari jambo hilo mara nyingi, maana ingekuwa rahisi kwangu kama ningempata.

Uchungu ulimshika Adventina mchana wa jua kali, kahawa imeanikwa uani. Projesti alikuwa amekuja kumalizia data. Tulimbeba mkewe mpaka baraza la zahanati, maana Domitila alisema awe karibu na vidonge, mlango utafunguka tu. Sospeter mgambo akainua utepe tukapita chini yake. Baraza halikuwa ndani ya data.

Mtoto alitoka upesi, msichana, akalia kwa nguvu. Wanawake wakapiga vigelegele. Adventina akageuza uso kwa mumewe, akasema, "Haya, andika. Jibu ni ndiyo." Akacheka kidogo.

Kisha damu ikaja.

"Fungua!" Domitila akapiga kelele. "Projesti, fungua!"

Projesti alikuwa kwenye simu. Alikuwa anamtafuta Profesa, na Profesa alikuwa kwenye warsha ya maamuzi ya haraka, na katibu wake alikuwa anasema asubiri kidogo, wako kwenye kuchangia mada.

"Tuvunje," mwanamke mmoja akasema.

"Mkivunja ninyi, nafungwa mimi," Sospeter akalia. "Nina watoto, jamani. Mnamkumbuka fundi wa daraja."

Nilimwendea mwanangu nikamshika uzi wa shingoni. Akanishika mkono. "Mama," akasema, "nikifungua kabla ya idhini, basi mlango ulikuwa unafunguka siku zote. Basi wale wote tuliowazika..." Mimi nilielewa. Nikamwambia, "Ndiyo, baba. Ulikuwa unafunguka siku zote. Fungua."

Akauvua ufunguo. Akautia kwenye kitasa. Simu ikaita, akaipokea kwa mkono wa pili, na sauti ya Profesa tuliisikia sote, ya furaha, na watu wanapiga makofi nyuma yake: "Kijana, Kamati imeridhia! Kimsingi. Kwa kauli moja!"

Domitila akainuka kutoka sakafuni. Akajifuta mikono kwenye khanga yake mwenyewe.

"Basi," akasema. "Acheni."

Projesti alisimama pale, ufunguo ndani ya kitasa, haujazungushwa. Alikaa hivyo mpaka tukamfunika mkewe. Halafu akauchomoa taratibu, akauvaa. Hali haikuguswa.

Tulimzika Adventina kwa sauti nne. Padre alimbatiza mtoto, tukamwita Redempta. Nilimtafutia maziwa ya ng'ombe kwa jirani, nikamlea.

Tasnifu ilipata alama za juu kuliko zote katika historia ya chuo. Msemaji wa jopo alisifu uadilifu wa mtahiniwa, ambaye alilinda data zake katika mazingira magumu ya kifamilia. Siku ya mahafali niliketi mbele na Redempta mgongoni. Hitimisho likasomwa kwa kipaza sauti: kwamba kufungwa kwa Zahanati ya Kishorero kunahusiana kwa kiasi kikubwa na kutofunguliwa kwake, na inapendekezwa utafiti zaidi ufanyike. Watu wakasimama wakapiga makofi. Kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya Profesa, Kamati na mpiga chapa, alishukuriwa marehemu mke wa mtafiti kwa ushirikiano wake.

Kwetu ni desturi mama amvishe mhitimu shada. Nilimvisha. Shada lilikuwa zito, maua ya plastiki. Akaniinamia sikioni kama anataka kusema kitu, mpiga picha akasema tutabasamu.

Akaja Kishorero kufungua, sasa akiwa na haki. Mkuu wa wilaya alikuwepo na kwaya ilikuwepo. Ufunguo ukazunguka bila shida yoyote, kama umepakwa mafuta. Ndani kulikuwa na vumbi kidogo tu. Kitanda cha kuzalia kilikuwa pale na shuka lake limekunjwa. Glavu zilikuwepo, hata ndoo na sabuni. Rafu ya juu kulikuwa na vidonge vya kuzuia damu, boksi limepangwa sawa na mengine, lebo inatazama mlangoni. Projesti alilitoa, akasoma maandishi yake yote, na kwaya ikiimba. Akalirudisha.

Domitila akavaa gauni lake jeupe. Tulitibiwa wiki ile. Nakumbuka mlango ukiwa wazi, na kuku akiingia na kufukuzwa.

Kisha likaja gari la chuo. Mtu aliyefaulu kwa kiwango cha Projesti hawezi kukaa zahanati, wakasema, ni upotevu wa rasilimali watu. Ameteuliwa Mkurugenzi Msaidizi wa Mapitio, huko mjini. Ufunguo apewe mwingine, kijana mpole aitwaye Leodgard, mwenye shahada ya kwanza, ambaye itabidi akasome. Na mada yake imeshapitishwa: Faida za Kufunguliwa kwa Zahanati ya Kishorero. Ni mada nzuri, yenye matumaini. Ila ili faida zipimike, Leodgard akatueleza huku akifungua utepe wa njano, lazima kwanza ifungwe, tupate hali ya kulinganishia.

Siku hiyohiyo Felista, mke wa Sospeter mgambo, alikuwa ameketi barazani na tumbo lake, anangoja zamu. Alikuwa anaumenya muwa.

Nilikwenda nyumbani, nikachukua mkeka na rozari yangu, nikamfunga Redempta mgongoni, nikarudi nikatandika mkeka kizingitini, nusu ndani nusu nje. Nikakaa.

"Bibi, naomba upishe," Leodgard akasema. "Mlango haufungi."

"Naona, baba."

"Itabidi nikuandike."

"Niandike."

Akaniandika. Nimekuwa kikwazo, ukurasa wa mwanzo kabisa, chini ya kichwa cha habari Changamoto. Sospeter aliambiwa aniondoe. Akamtazama mkewe, akamtazama Redempta, akasema amri hiyo aletewe kwa maandishi na mtu mwenye uzamili.

Kwa hiyo wamemwita Projesti. Amefika leo asubuhi, na suti, na mkoba wenye nembo ya Nchi. Felista ameingia ndani tangu alfajiri na Domitila yuko naye, tunamsikia akiugua. Mwanangu amesimama mbele yangu. Ameanza kwa kunishukuru kwa mchango wangu. Amesema anatambua hisia za wadau. Halafu Redempta akamshika kidole.

Nimesogea kidogo upande wa kushoto, nikapangusa mkeka kwa kiganja. Nafasi ipo ya mtu mmoja. Felista anaugua, mlango uko wazi, na mwanangu bado amesimama na mkoba wake. Nasali rozari taratibu. Nangoja akae.